Kupaza si Kukaza

Maneno haya niliyasema mbele ya mkusanyiko wa walimu, wahubiri, waimbaji, makocha na wahudumu wa simu. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Mahali pa picha shika shingo yako mwenyewe, itatosha.

Ndugu zangu, habari za asubuhi.

Ahsanteni. Msiitikie tena. Najua tumezoea mzungumzaji akisalimia na ukumbi ukaitika kwa upole, yeye hurudia salamu mpaka paa litikisike. Leo sitawadai hivyo. Mmeniitikia kwa sauti ya kawaida, nami nimewasikia wote mpaka safu ya mwisho.

Naomba sasa kila mmoja aweke vidole viwili mbele ya shingo, pale kwenye kikoromeo. Kina mama, chenu hakikutokeza sana lakini kipo, kitafuteni taratibu. Mezeni mate. Mmekisikia kilivyopanda kikashuka? Sasa semeni "aaa" kwa upole, kama unayemjibu mtu aliyekaa karibu nawe. Mnausikia mtetemo? Basi hapo ndipo ilipo karakana. Mshahara wako, mahubiri yako, wimbo wako, hadithi unayomsimulia mtoto kabla hajalala, vyote vinatengenezwa hapo chini ya vidole viwili.

Humo ndani mna tunachokiita nyuzi za sauti. Jina limetupotosha kidogo, maana hazifanani na nyuzi za gitaa hata chembe. Ni mikunjo miwili ya nyama laini iliyofunikwa utando mwembamba wenye unyevu, mmoja kushoto na mwingine kulia mwa njia ya hewa. Kwa mwanamke mzima urefu wake ni kama sentimita moja na nusu. Kwa mwanamume ni kama sentimita mbili. Tazama ukucha wa kidole gumba chako. Ni hapo hapo tu.

Hewa ikitoka mapafuni inazisukuma zinaachana, kisha zinarudi zinakutana, zinaachana tena, zinakutana tena. Kwa mwanamume anayeongea kawaida hilo hutokea kiasi cha mara 100 hadi 130 kwa sekunde moja. Kwa mwanamke ni kama mara 200. Kwa mtoto ni zaidi ya hapo. Sasa tupige hesabu pamoja. Mchukue mwalimu wa kike ambaye, ukitoa vituo vyote na muda wanafunzi wanapoandika, sauti yake imetoka kwa jumla ya saa moja tu kwa siku. Mara 200 kwa sekunde, kwa sekunde 3,600. Ni migongano 720,000. Kwa siku moja. Kwa saa moja ya sauti. Na ni nani humu ndani anayetumia saa moja tu?

Kiungo gani kingine cha mwili wako unakigonganisha mara laki saba kwa siku, halafu hukijulii hali hata siku moja?

Niliwahi kuwa mwalimu kwa miaka tisa kabla ya kusomea tiba ya sauti. Mwaka wa sita sauti ilianza kunikimbia. Mwanzoni ilikuwa Ijumaa jioni tu. Baadaye ikawa Alhamisi. Mwishowe ikifika Jumatano adhuhuri nilikuwa nasukuma maneno kama mtu anayesukuma gari bovu mlimani. Nikaenda kutibiwa. Aliyenipokea hakunitazama koo, aliniambia tu: "Nyamaza wiki mbili." Nami nikanyamaza. Niliishi na daftari na kalamu. Nyumbani nilimwandikia mwanangu "njoo ule" naye akanijibu kwa kuandika, akidhani ni mchezo. Siku ya kumi sauti ikarudi, safi kabisa. Nilishukuru mno. Jumatatu nikaingia darasani. Alhamisi sauti ilikuwa imekwisha.

Ilinichukua muda mrefu kuelewa nilichokosa. Nilirudi na sauti iliyopumzika, lakini nilirudi na tabia ile ile. Wiki mbili za ukimya hazikunifundisha kuongea. Zilinifundisha kunyamaza, na kunyamaza hakukuwa kazi yangu.

Ndiyo maana nimekuja na jambo moja tu leo, na nitalirudia mpaka mlikariri: kupaza si kukaza. Kupaza sauti si kukaza koo. Maneno hayo mawili yanafanana masikioni, nasi tumeyafananisha mwilini, na hapo ndipo wengi wetu tunapoumia.

Nieleze vizuri. Mikunjo ile, kabla ya kuwa ya sauti, ni mlango. Kazi yake ya kwanza ni kulinda mapafu, chakula na maji visiingie njia ya hewa. Kazi yake ya pili ni kufunga hewa kifuani unapohitaji nguvu. Umewahi kunyanyua mzigo mzito huku mtu anakuuliza swali? Hukuweza kumjibu. Ulifunga pumzi, ukanyanyua, ukautua mzigo, kisha ndipo ukamjibu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nguvu, na mlango uliofungwa kwa nguvu hautoi sauti.

Sasa mwangalie mtu anayetaka kusikika kwenye makelele. Anafanya nini? Anakaza shingo. Mabega yanapanda, kidevu kinatangulia mbele, mishipa inatoka. Mwili wake unautumia mlango wa sauti kama ule wa kunyanyulia mizigo, halafu anaulazimisha uimbe. Hewa inabidi ipasue njia kwa nguvu. Utando ule mwembamba unagongana kwa kishindo. Unavimba kidogo. Ukivimba unakuwa mzito, hautetemi vizuri, sauti inakwaruza. Naye akisikia inakwaruza anafanya nini? Anakaza zaidi. Kila anapokaza, uvimbe unaongezeka. Kila uvimbe unapoongezeka, anakaza.

Alinijia mhubiri mmoja, mtu wa makamo, mwenye mwili mkubwa. Alisema sauti yake "imezeeka ghafla". Nilimwomba jambo dogo tu: aniambie jina lake na alikolala usiku. Sikusikiliza jibu. Niliangalia shingo. Kabla ya neno la kwanza, kabla sauti haijatoka kabisa, mishipa miwili ilikuwa imeshasimama kama kamba zilizovutwa. Pumzi aliivuta kwa mlio, mabega yakapanda. Akaongea mpaka hewa ikamwishia, kisha, na hili ndilo lililonihuzunisha, akayasukuma maneno manne mengine bila hewa yoyote, kwa koo tupu. Nikamwuliza kama inauma. Akasema, "Imezoea."

Nikamwomba ruhusa nimshike zoloto, yaani lile sanduku la sauti mlilolipapasa pale kwenye kikoromeo. Mtu aliyetulia, ukimshika hapo kwa vidole na kumsukuma taratibu kushoto na kulia, zoloto huteleza kidogo. Jaribuni, taratibu sana. La kwake halikwenda popote. Lilikuwa limepandishwa juu, limebanwa chini ya taya kama kitu kilichofichwa. Misuli iliyolishikilia ilikuwa migumu kama ubao.

Hapo sikumpa dawa. Nilianza kuikanda misuli ile, kwa miduara midogo, nikishuka polepole, huku yeye akitoa sauti ya "mmm" bila haraka. Dakika kumi hakuna kitu. Dakika kumi na tano, zoloto likashuka chini ya vidole vyangu, mimi nikalisikia kabla yake yeye. Kisha ile "mmm" ikabadilika. Ikawa nene, pana, safi. Alinyamaza. Akaitoa tena, kama anayehofu kuwa haitarudi. Ikarudi. Akashika kifua chake kwa mkono wote, akaniambia, "Huyu ni mimi wa zamani."

Nisiwadanganye, si kila mtu huipata sauti yake ndani ya nusu saa. Yeye tatizo lake lilikuwa misuli, na misuli wakati mwingine huachia mara moja. Hata hivyo alibaki na wiki nyingi za mazoezi, kwa sababu Jumapili iliyofuata shingo ilirudi ilikozoea.

Na wapo ambao kukaza kumeshaacha alama. Mnajua sugu ya mkono, ile anayoipata mtu wa jembe? Haiji kwa siku moja, na inaota pale mpini unaposugua. Nyuzi za sauti nazo zinaota sugu. Tunaziita vinundu. Huwa viwili, kimoja kila upande, vikitazamana, mahali ambapo mgongano ni mkali kuliko pote. Mtu akiambiwa ana vinundu hupata hofu, anaona kisu kinakuja. Tulieni. Kwa vinundu, tiba ya kwanza ni hii hii ya mazoezi, na vingi hupungua au huisha kabisa bila upasuaji. Ukimkata mtu wa jembe sugu yake ukamrudishia mpini ule ule na mshiko ule ule, umemtibu nini?

Lakini kabla ya zoezi lolote, sauti inatazamwa. Hapa naomba mnisikilize kuliko mahali pengine popote. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki nne bila kupona ni lazima itazamwe na daktari wa masikio, pua na koo, kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani au mdomoni. Na usingoje wiki nne kama unavuta sigara, kama unapumua kwa shida, kama unameza kwa maumivu, kama unakohoa damu, au kama umepapasa shingo ukakuta uvimbe. Saratani ya zoloto, ikiota kwenye nyuzi zenyewe, mara nyingi dalili yake ya kwanza ni mkwaruzo tu. Ikikamatwa mapema inatibika vizuri. Nimekutana na watu waliokunywa tangawizi miezi minane huku kitu kinakua. Miezi minane! Tangawizi sina ugomvi nayo. Nina ugomvi na miezi minane.

Niwape hadithi ya kilichoitangulia kamera hiyo, maana naipenda. Hadi katikati ya karne ya 19, hakuna aliyekuwa akijua kwa macho yake nyuzi za mtu aliye hai zinafanya nini anapoimba. Aliyezifungulia dunia macho hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa kuimba, Manuel García, Mhispania. Mwaka 1854, akiwa Paris, alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno chenye mpini mrefu, akakipasha joto kisipate ukungu, akakiweka nyuma ya kinywa chake. Kwa kioo cha pili mkononi akaelekeza mwanga wa jua mle ndani. Akaona. Nyuzi zake mwenyewe, zikifunguka na kufunga. Mwaka uliofuata habari hiyo ikasomwa mbele ya wanasayansi London. García aliishi mpaka miaka 101. Kinachonigusa ni kwamba aliyetafuta kuiona sauti ni mtu aliyekuwa akiifundisha kila siku. Ni mmoja wetu.

Sasa, tiba yenyewe ni nini? Watu huja wakitarajia chupa ya dawa. Nawapa mrija.

Ndiyo, mrija wa kunywea. Chukua glasi ya maji, jaza nusu. Zamisha ncha ya mrija kwenye maji, sentimita mbili au tatu, usiende chini sana. Funga midomo kuuzunguka, hewa isivuje pembeni wala puani. Sasa toa sauti ya "uuu" kupitia mrija. Maji yatachemka. Yakichemka kwa mfululizo ulio sawa, puu-puu-puu-puu, pumzi yako imetulia. Yakiruka nje ya glasi, unasukuma. Yakikatikakatika, unabana. Maji yanakuambia ukweli wa koo lako papo hapo, na hayana adabu ya kukuficha.

Kwa nini inasaidia? Kwa sababu hewa ikikuta upinzani mbele, shinikizo linarudi nyuma, linapanda mpaka juu ya nyuzi na kuziweka zisibanane. Zinatetema, lakini zinagusana kwa upole. Unapata sauti bila kishindo. Ufini walikuwa wakifanya hivi tangu miaka ya 1960. Mtaalamu wa fonetiki, elimu ya sauti za lugha, Antti Sovijärvi, alikuwa akiwapa wagonjwa bomba la kioo walitolee sauti ndani ya maji. Mimi natumia mrija wa kawaida, kwa sababu mrija unaupata popote.

Dakika mbili au tatu, mara tano au sita kwa siku. Siyo nusu saa mara moja. Misuli haijifunzi kwa hotuba ndefu, inajifunza kwa kukumbushwa mara nyingi. Na unafanya hivyo kabla ya kazi, katikati ya kazi, na baada ya kazi. Mwanariadha hupasha misuli moto kabla ya kukimbia. Wewe unatoka kitandani, huongei na mtu, unasimama mbele ya watu hamsini na kufoka. Kwa nini?

Kisha tunaondoa mrija. Hapa ndipo pagumu, na hapa ndipo wengi huachia njiani, kwa sababu mrija ni rahisi na maneno ni magumu. Fumba midomo bila kuibana, meno yaachane ndani. Toa "mmm" kama mtu aliyeonja kitu kikamfurahisha. Tafuta muwasho, ule mtetemo unaotekenya: midomoni, kwenye mfupa wa pua. Unausikia? Muwasho ule ni alama yako. Ukiwa mbele usoni, koo limeachia. Ukipotea na koo likaanza kukwaruza, umerudi kukaza.

Na lugha yetu, ndugu zangu, imetupa zawadi hapa. Imejaa "m". Sema nami, polepole, ukiuburuza muwasho kutoka neno moja hadi jingine: "Mama amemwona mwana mmoja." Tena. "Mama amemwona mwana mmoja." Mnausikia ulivyokaa mbele, pale mdomoni? Mwanzoni uiseme kama wimbo wa noti moja. Baadaye kama wimbo mdogo. Mwishowe kama mtu anayetoa habari. Ukishaweza sentensi hiyo, unaongeza nyingine isiyo na "m" nyingi. Ukishaweza sentensi, unajaribu na mtu mmoja mezani. Kisha kwenye simu. Kisha darasani, kwa dakika tano za kwanza tu. Kwa kawaida hatuzidi vikao sita au nane, lakini kati ya kikao na kikao ndipo tiba inapofanyika.

Nina mama mmoja aliyekuwa akipokea simu siku nzima. Alikwama wiki tatu kwenye sentensi hiyo ya mwana mmoja. Kwangu aliisema vizuri kabisa. Akivaa vifaa vya masikio na kusema "Habari, nikusaidie nini," koo linafunga. Tukagundua kitu. Alikuwa akiongea kwa sauti aliyoiita ya ofisini, nyembamba, ya juu kuliko yake, akiamini ndiyo ya heshima. Miaka kumi na moja ameazima sauti. Tukaanza upya na neno moja tu, "habari", katika kimo chake mwenyewe, mara arobaini kwa siku. Siku moja akaniambia mteja amemwuliza kama ni mfanyakazi mpya.

Sasa kuhusu mambo mnayoyafanya kwa nia njema. Nitapita haraka.

Maji. Kunyweni, ni mazuri. Lakini maji unayomeza hayagusi nyuzi za sauti. Yakizigusa utakohoa mpaka machozi yakutoke. Yanapita njia ya chakula, yanaingia damuni, na unyevu unafika kooni baadaye kabisa. Kwa hiyo maji ya hotuba ya jioni yanyweni tangu asubuhi. Kinachofika moja kwa moja ni mvuke unaouvuta kwa pumzi.

Kunong'ona. Wengi mkikaukwa sauti mnanong'ona mkidhani mnaipumzisha. Kwa watu wengi kunong'ona kwa kusukuma kunakaza koo kuliko kuongea kwa kawaida. Heri sauti ndogo, laini, ya karibu.

Kujikohoza, ile "ehem" kabla ya kila sentensi. Kila "ehem" ni kofi kwenye nyuzi. Meza mate, au kunywa funda moja la maji, au toa "mmm" fupi. Na kama koo lako linahisi kitu kimekwama kila asubuhi, mweleze daktari kuhusu kiungulia, maana asidi ya tumbo ikipanda usiku inaweza kufika mpaka huko.

Dawa za kutia ganzi koo ili uendelee kuimba, hapa sitapita haraka. Nilimhudumia mwimbaji kijana aliyekuwa na onyesho usiku. Koo lilimuuma tangu asubuhi. Alimung'unya vidonge vya kutia ganzi, akameza aspirini, akapanda jukwaani. Kwenye wimbo wa tatu, katikati ya noti ya juu, sauti ilikatika kama taa iliyozimwa. Siyo kukwaruza, kukatika. Mshipa mdogo wa damu ulikuwa umepasuka chini ya utando. Yeye alinyamaza kabisa, kwa amri ya daktari, na hapo ukimya ndio uliokuwa dawa. Kwa hiyo shikeni hili: sauti ikikatika ghafla wakati wa kupiga kelele au kuimba, acha hapo hapo. Usijaribu "kidogo tu nione". Nenda ukatazamwe. Maumivu yalikuwa yakimwambia kitu tangu asubuhi naye akaiziba kengele.

Nimezungumza sana kuhusu mwili wa mtu mmoja. Sasa nawageukia mnaoajiri, maana najua mpo, mmekaa upande ule.

Mwaka 1911 daktari mmoja Mfaransa, Étienne Lombard, aliandika jambo ambalo kila mwalimu analijua kwa koo lake: mtu akizungukwa na makelele hupandisha sauti bila kujua. Hachagui. Mwili unapanda wenyewe. Kwa hiyo ukimwambia mwalimu "tunza sauti" kisha ukamweka mbele ya watoto wengi, kwenye chumba chenye kuta tupu zinazorudisha mwangwi, na nje kuna injini inanguruma, umempa ushauri ambao mwili wake hauwezi kuutii.

Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2004, ukiongozwa na Nelson Roy, uliwauliza walimu zaidi ya elfu moja na watu wa kazi nyingine idadi kama hiyo. Walimu walioshikwa na tatizo la sauti wakati ule walikuwa asilimia 11. Wengine asilimia 6.2. Waliowahi kulipata wakati wowote maishani walikuwa asilimia 57.7 kwa walimu na 28.8 kwa wengine. Maradufu. Mgongo wa mpakia mizigo ukiumia tunasema kaumia kazini. Koo la mwalimu likiumia tunasema hajui kuongea.

Na miaka miwili kabla ya hapo, mtafiti huyo huyo na wenzake waliwachukua walimu wenye matatizo ya sauti. Baadhi wakapewa kipaza sauti kidogo cha kuvaa. Wengine wakafundishwa tu kanuni za kutunza sauti: kunywa maji, kutofoka, na kadhalika. Baada ya wiki sita, waliovaa kipaza sauti walikuwa na nafuu ya wazi. Waliopewa kanuni peke yake hawakuonyesha nafuu ya maana. Mnaelewa ninachowaomba? Siwaombi mabango ukutani ya "tunza sauti yako". Nawaombeni vipaza sauti. Nawaombeni pazia na mikeka ya kunyonya mwangwi. Nawaombeni vipindi viwili visivyofuatana kwa mwalimu aliyetoka kutibiwa. Nimewarudisha watu kazini wakiwa wazima, nikawapokea tena baada ya mwezi mmoja kwa sababu chumba hakikubadilika. Inaniuma. Inaniuma kila mara.

Nanyi makocha: kiwanja hakishindwi kwa koo. Filimbi, mkono ulioinuliwa, kupiga makofi mara mbili. Ikibidi kuita, usirushe neno zima. Rusha irabu. "Njooo!" Fungua kinywa, taya lishuke, pumzi itoke chini kifuani, irabu iwe ndefu. Inafika mbali kuliko maneno kumi ya kufoka, na shingo haijui kama umeita. Kupaza si kukaza. Mmeona? Hapo nimepaza. Anayetaka aje aishike shingo yangu.

Nimesikia swali pale nyuma, mzee wangu, umeuliza kama kwa umri wako bado kuna faida. Ipo. Misuli ya sauti hupungua na umri kama misuli mingine, na utando hukauka kidogo, lakini misuli hiyo hiyo hujibu mazoezi. Nimefanya kazi na watu waliopita miaka sabini. Tukitoka hapa nione, tuzungumze taratibu, na kwanza nitakuuliza kama umeshatazamwa.

Chini ya kila kiti kuna mrija na glasi. Maji yanapitishwa sasa hivi, mpokezane. Jaza nusu, usizidishe. Mabega chini. Meno yaachane. Mrija sentimita mbili ndani ya maji, midomo ifunge. Msinitazame mimi, tazameni maji. Dakika tatu, wote pamoja, kwa kimo chako mwenyewe, usimfuate jirani.

Haya. Vuteni pumzi bila mlio. "Uuu."